Uzi maalumu: Seli za saratani zinazokosa oksijeni huwa sugu kwa mionzi. Tujadili dawa zilizobuniwa kuzikamata

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mara nyingi humu watu wanauliza kwa nini mgonjwa wa saratani anamaliza wiki 6 au 7 za mionzi, uvimbe unasinyaa, familia nzima inamshukuru Mungu, halafu baada ya miezi kadhaa unaota tena palepale. Sababu ziko nyingi. Kuna moja haizungumzwi vya kutosha, na ndiyo niliyoifanyia kazi maabara kwa miaka kadhaa: ndani ya uvimbe kuna seli zinazoishi na oksijeni kidogo mno, na seli ya namna hiyo huvumilia mionzi kwa kiasi kinachotisha. Kuna dawa zilizotengenezwa kwa ajili yake hasa. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Chukua seli za saratani za aina moja, zigawe kwenye sahani mbili. Moja iache na hewa ya kawaida. Nyingine ifungie kwenye kisanduku, pitisha gesi ya nitrojeni mpaka oksijeni iishe. Zote zipige eksirei kwa dozi ileile, kisha zirudishe kwenye joto la mwili na usiziguse kwa takriban wiki 2. Seli iliyopona itagawanyika na kugawanyika hadi iwe kundi. Ukimwagia rangi ya zambarau unaona vidoa, na kila kidoa chenye seli 50 au zaidi unakihesabu kuwa ni seli moja iliyonusurika. Sahani ya hewa inakuwa na vidoa vichache, unavihesabu bila shida. Ya nitrojeni imejaa mpaka vidoa vinagusana. Ukitaka hizi za nitrojeni zife kwa kiwango kilekile, lazima uongeze dozi mara 2.5 hadi 3.

Ila mimi mara ya kwanza sikuiona tofauti hiyo. Nikarudia, nikapata yaleyale. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba seli zangu ndizo zenye kasoro. Mwalimu wangu wa maabara akaja, akainua sahani moja, akaigonga kwa ukucha, akasema neno moja: "Plastiki." Plastiki hunyonya oksijeni na kuihifadhi, kisha huiachia polepole kwenye maji yanayolisha seli hata kama nitrojeni inapita. Tulipohamia sahani za kioo, vidoa vikajaa. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba oksijeni inayohitajika ni kidogo sana. Hewa tunayovuta ina asilimia 21, lakini asilimia 0.5 tu inatosha kurudisha karibu nusu ya ile tofauti.

Kwa nini iwe hivyo? Mionzi ikiipiga DNA huacha jeraha bichi la kikemia, sehemu iliyonyofolewa elektroni. Seli ina kemikali zake, glutathioni ikiwa mojawapo, zinazoweza kuliziba jeraha hilo papo hapo kwa kulirudishia hidrojeni. Oksijeni ikiwepo huwahi kujibandika pale kwenye jeraha, na likishabandikwa halizibiki tena kirahisi. Ni mbio kati ya hizo mbili, na mshindi anajulikana ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa hiyo oksijeni lazima iwepo mionzi inapopiga. Ukiileta dakika moja baadaye, haisaidii kitu.

Kijana wa Biolojia

Mkuu shusha, tupo. Swali la kichokozi kidogo: si tunafundishwa kwamba uvimbe hujiotesha mishipa yake ya damu? Sasa oksijeni inapungukaje?

Mwanamaabara

Swali zuri. Hujiotesha kweli, ila mishipa yenyewe ni ya ovyo. Inajikunja, inavuja, mingine haina mwisho, na seli zinaongezeka kuliko mishipa inavyoota.

Mwaka 1955 Thomlinson na Gray (huyu Gray ndiye aliyepewa heshima ya jina la kipimo cha dozi, grei) walichapisha walichokiona kwenye vipande vya saratani ya mapafu chini ya hadubini. Seli zilikuwa zimejipanga kama nguzo, zikipata damu kutoka pembeni. Nguzo nyembamba zilikuwa hai mpaka katikati. Zile nene zilikuwa na kiini kilichokufa, kimezungukwa na ganda la seli hai, na unene wa ganda hilo haukuwa ukibadilika sana: chini kidogo ya mikromita 200 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Wakapiga hesabu ya umbali ambao oksijeni inaweza kusafiri kutoka kwenye mshipa kabla ya kuisha, wakapata takriban mikromita 150. Hesabu na picha zikakubaliana.

Fikiria watu wamejipanga foleni na ndoo ya maji inapitishwa kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akinywa kabla ya kuipitisha. Wa mwisho anapokea ndoo tupu. Aliye mbali zaidi anakufa kwa kiu, na huyo si tatizo letu. Tatizo ni yule aliye katikati, aliyepata matone mawili: hajafa, hana nguvu, lakini yupo. Mionzi inapita, inawaua walioshiba, foleni inapungua, ndoo sasa inamfikia ikiwa imejaa. Anaamka.

Nikumbushe pia kwamba jambo lenyewe lilionekana mapema sana. Mwaka 1909 daktari Gottwald Schwarz aliona kwamba ngozi iliyobanwa wakati wa mionzi huungua kidogo kuliko isiyobanwa. Ngozi ikibanwa damu inapungua, na damu ndiyo inayobeba oksijeni.

Binti Mkubwa

Nimesoma kwa makini sana kwa sababu baba yangu yuko wiki ya pili ya mionzi ya koo. Kwa nini wasimpe tu hewa ya oksijeni avute wakati wa mionzi?

Mwanamaabara

Pole sana dada, na mzee umpe pole zangu.

Walijaribu. Kuanzia miaka ya 1950 daktari Churchill-Davidson wa hospitali ya St Thomas' huko London aliwaweka wagonjwa ndani ya matangi yenye oksijeni safi kwa shinikizo la mara 3 ya hewa ya kawaida, wakapigwa mionzi wakiwa humohumo. Kwa baadhi ya saratani, zikiwemo za kichwa na shingo, iliongeza udhibiti wa uvimbe. Lakini fikiria mgonjwa amefungiwa kwenye silinda, masikio yanauma, kila kipindi kinachukua muda mrefu, na hatari ya moto ipo. Haikuweza kuwa tiba ya kila siku kwa watu wengi.

Ndipo likaja wazo ambalo kwangu mimi ni miongoni mwa mawazo mazuri kabisa katika tiba ya mionzi. Kazi inayofanywa na oksijeni pale kwenye jeraha la DNA ni kupokea elektroni. Je, tukipata kemikali nyingine inayopenda elektroni, ikafanya kazi hiyohiyo, lakini ambayo seli haiwezi kuila? Oksijeni haifiki mbali kwa sababu kila seli njiani inaitumia. Kemikali isiyoliwa itapita foleni nzima na kumfikia yule wa mwisho. Mwanakemia Gerald Adams na wenzake nchini Uingereza ndio walioliendeleza wazo hili tangu miaka ya 1960, na msako wao ukaishia kwenye familia moja ya kemikali: nitroimidazoli.

Familia hiyo mnaifahamu wote. Metronidazoli, vidonge vya amiba, ni mtoto wake.

Kijana wa Biolojia

Subiri kwanza. Vidonge hivihivi vya amiba?

Mwanamaabara

Hivyohivyo, na haikutokea kwa bahati tu. Amiba na bakteria wasiopenda hewa huishi mahali pasipo na oksijeni, na ndani ya miili yao dawa hii hupokea elektroni na kugeuka sumu. Kwenye oksijeni ya kutosha elektroni hiyo hunyang'anywa na oksijeni, dawa inarudi ilivyokuwa. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoifanya iwe na maana kwa uvimbe.

Mwaka 1976 Urtasun na wenzake wa Kanada walichapisha jaribio la metronidazoli pamoja na mionzi kwa saratani kali ya ubongo. Waliopewa dawa waliishi muda mrefu kidogo kuliko wasiopewa. Dunia ya mionzi ikasisimka. Ila ratiba ya mionzi waliyotumia ilikuwa hafifu kuliko ya kawaida, na waliopata dawa waliishia karibu na pale ambapo mionzi ya kawaida peke yake ingewafikisha.

Ikafuata misonidazoli, yenye nguvu zaidi. Kwenye panya ilifanya maajabu. Kwa binadamu ilikwama kwenye neva: wagonjwa walipata ganzi na maumivu ya kuchoma miguuni na mikononi, kwa hiyo jumla ya dawa kwa tiba nzima ikawekewa kikomo cha takriban gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ukiigawanya kwenye vipindi 30 na zaidi vya mionzi, kila kipindi kinaambulia kiasi kidogo mno. Majaribio mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yakaonyesha faida ndogo au hakuna kabisa, watu wakakata tamaa.

Binti Mkubwa

Kaka, samahani kwa swali la haraka. Vidonge hivyo vya amiba vipo nyumbani. Je, nikimpa baba kabla ya mionzi kuna ubaya?

Mwanamaabara

Dada, tafadhali usimpe. Naliandika hili peke yake ili lisipotee.

Dozi zilizotumika kwenye yale majaribio zilikuwa kubwa mara nyingi kuliko za kutibu amiba. Dozi ya amiba haitafanya chochote kwa uvimbe, na dozi ya majaribio bila usimamizi inaweza kuharibu neva zake. Pia hujui anatumia dawa gani nyingine pamoja na mionzi. Jambo lolote la kuongeza kwenye tiba yake lipitie kwa daktari anayemtibu, hata kama ni kidonge anachokijua kila mtu.

Mwanamaabara

Naendelea. Wengi walipokata tamaa, Denmark hawakuacha. Kundi lao la saratani za kichwa na shingo, DAHANCA, chini ya Profesa Jens Overgaard, lilichagua mtoto mwingine wa familia: nimorazoli. Nguvu yake ni ndogo kuliko misonidazoli kwa kila gramu, lakini haiumizi neva kwa kiwango kile, kwa hiyo inaweza kutolewa kila siku ya mionzi. Mgonjwa anameza kama dakika 90 kabla ya kulala kwenye mashine, ili dawa iwe imejaa kwenye uvimbe pale mionzi inapowashwa.

Jaribio lao, DAHANCA 5, lilihusisha wagonjwa 422 wa saratani ya koromeo na sehemu ya juu ya zoloto (kisanduku cha sauti). Nusu walipata nimorazoli, nusu kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: uvimbe ulidhibitiwa kwa asilimia 49 ya waliopata dawa, dhidi ya asilimia 33. Pengo hilo si dogo hata kidogo. Madhara makubwa yalikuwa kichefuchefu na kutapika, na yaliisha dawa iliposimamishwa. Tangu hapo nimorazoli ikawa sehemu ya tiba ya kawaida nchini Denmark.

Baadaye Overgaard alikusanya majaribio 32 ya njia zote za kupambana na ukosefu wa oksijeni kwenye saratani za kichwa na shingo, wagonjwa 4805 kwa jumla, na picha ilikuwa wazi: ukiuondoa usugu unaotokana na oksijeni, uvimbe unadhibitiwa vizuri zaidi. Kwa hiyo akiniambia mtu kwamba suala la oksijeni ni nadharia ya vitabuni, mimi simwelewi.

Fizikia ya Tiba

Mleta uzi, kazi nzuri, ila hapa lazima nikubane, maana unatuonyesha upande mmoja. Mimi ni mwanafizikia wa tiba ya mionzi.

Waingereza walirudia jambo hilohilo kwenye jaribio la NIMRAD, wagonjwa 338, wale ambao hali zao hazikuruhusu kuunganisha mionzi na kemo. Matokeo yalitoka mwaka 2024: nimorazoli haikuongeza kitu. Na usije ukasema hawakuchagua wagonjwa, kwa sababu walipima jini (vinasaba) 26 za uvimbe ili kujua nani ana ukosefu wa oksijeni, na hata kwa hao haikuonyesha faida.

Tena kuna tirapazamini, dawa ya kundi lingine, inayoua seli zisizo na oksijeni yenyewe moja kwa moja. Jaribio la HeadSTART, wagonjwa 861, mwaka 2010, hakuna tofauti. Ila walipokagua mipango ya mionzi ya kila mgonjwa ndipo likaibuka jambo lililonikosesha usingizi: waliopangiwa mionzi vizuri, asilimia 70 walikuwa hai baada ya miaka 2. Waliopangiwa kwa kasoro kubwa, asilimia 50. Pointi 20! Hakuna dawa ya oksijeni iliyowahi kuleta tofauti ya namna hiyo. Kabla ya kutafuta kidonge, tuhakikishe mionzi imelengwa panapostahili.

Mwanamaabara

Mkuu, umenibana kihalali na sitakwepa.

La HeadSTART nakubali lote. Dawa inayoongeza usikivu wa seli haiwezi kusaidia seli ambayo mionzi haikuifikia.

La NIMRAD limeniuma, maana ndilo nililolisubiri. Niseme ninavyoliona, na hili ni langu mwenyewe. Kwanza, wagonjwa wake walikuwa wazee na dhaifu kuliko wa Denmark, na kidonge kinachotapisha mtu dhaifu hakimezwi ipasavyo kwa wiki 6. Pili, nimorazoli haifikii hata nusu ya kazi ya oksijeni yenyewe. Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo: kipimo cha jini kinachukuliwa kwenye kinyama kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, kabla ya tiba kuanza, mara moja. Njaa ya oksijeni haikai mahali pamoja. Kuna ile ya umbali aliyoieleza Gray, na kuna nyingine ya mshipa kuziba kwa dakika au saa kadhaa kisha kufunguka. Seli iliyokuwa na njaa Jumatatu inaweza kuwa imeshiba Jumanne. Isitoshe, mionzi ikigawanywa kwa siku nyingi, seli nyingine hupata oksijeni kadiri jirani zao wanavyokufa, na hiyo ndiyo moja ya sababu za kutoa mionzi kidogo kidogo badala ya mara moja.

Kwa hiyo tulichokuwa tukiuliza miaka yote, "dawa hii inafanya kazi?", naona hakitoshi. Tulipaswa kuuliza uvimbe huu una njaa kiasi gani, sehemu ipi, na wiki hii.

Kijana wa Biolojia

Sasa unaionaje njaa hiyo bila kukata nyama kila wiki?

Mwanamaabara

Hapa ndipo familia ileile inaporudi. Zamani walichoma sindano yenye kipimo cha oksijeni ndani ya uvimbe. Ilifanya kazi, lakini inauma na haifiki kila mahali. Njia nyingine ni kuchukua misonidazoli, kuifunga na atomi ya florini yenye mionzi, na kumchoma mgonjwa kiasi kidogo sana. Penye oksijeni dawa inaingia na kutoka. Pasipo na oksijeni inageuka na kunasa ndani ya seli hai. Ukimpiga mgonjwa picha ya PET (skani inayoonyesha mahali dawa hiyo yenye mionzi ilipokusanyika) saa chache baadaye, sehemu zenye njaa zinang'aa. Dawa iliyoshindwa kutibu imegeuka taa ya kutuonyesha pa kutibu! Kundi dogo ndani ya utafiti mwingine wa tirapazamini, kabla ya HeadSTART, lilipimwa hivyo, na waliokuwa na njaa ya kweli ndio waliofaidika na dawa. Ndiyo maana bado sijaliacha suala hili.

Fizikia ya Tiba

Hapo tuko pamoja. Na picha hiyo inaweza kurudiwa katikati ya tiba, kitu ambacho kinyama hakiwezi.

Niongeze jambo ambalo mleta uzi hajaligusa: kibofu cha mkojo. Waingereza kwenye jaribio la BCON, wagonjwa 333, walitumia hewa ya kabojeni, yaani oksijeni iliyochanganywa na kabonidioksaidi kidogo, pamoja na nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3 inayopunguza kule kuziba kwa mishipa. Hakuna tangi, mgonjwa anavuta kwa barakoa tu. Miaka 3 baadaye asilimia 59 walikuwa hai, dhidi ya 46. Imechapishwa 2010. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote baada ya Denmark, na hauzungumzwi kabisa.

Mwanamaabara

Kweli kabisa, asante kwa kunikumbusha. Na sasa kuna njia ya tatu: badala ya kuongeza oksijeni au kuiga kazi yake, punguza ulaji wa wale walio mbele ya foleni. Atovakuoni, dawa ya malaria, huzuia kiwanda cha nishati cha seli kutumia oksijeni. Watafiti wa Oxford waliwapa wagonjwa wa saratani ya mapafu kabla ya upasuaji, na sehemu zenye njaa zikapungua. Hilo halijathibitisha kwamba wagonjwa watapona zaidi kwa mionzi. Limeonyesha tu kwamba ndoo inaweza kufika mbali zaidi.

Binti Mkubwa

Nimefuatilia yote, mengine nimesoma mara mbili. Dawa nimeelewa nisiguse. Lakini kuna lolote mimi naweza kufanya, au niulize nini hospitali? Baba ana upungufu wa damu kidogo, na nisiwafiche, bado anavuta sigara. Huwa anavuta moja nje ya geti kabla hatujaingia.

Mwanamaabara

Dada, asante kwa kuwa mkweli.

Upungufu wa damu, waulize wanaufuatilia vipi, na uwaachie wao uamuzi. Usimtafutie sindano za kuongeza damu pembeni. Mwaka 2003 Henke na wenzake walichapisha jaribio la erithropoietini, sindano ya kuchochea damu, kwa wagonjwa wa kichwa na shingo wanaopata mionzi. Damu iliongezeka, lakini saratani ikadhibitiwa vibaya zaidi kuliko kwa wasiopata. Uliza pia kama kituo chao kina utafiti wowote unaohusu mambo haya. Na asikose siku hata moja ya mionzi bila sababu.

Sasa sigara. Moshi una kabonimonoksaidi, na hiyo hushika damu pale ambapo oksijeni ingekaa, tena huishika kwa nguvu zaidi. Akiwa anapumua hewa ya kawaida, huchukua kama saa 4 hadi 5 kiasi hicho kupungua kwa nusu. Ile sigara ya getini inaingia naye mpaka chini ya mashine. Nimewaeleza watu wametumia zaidi ya nusu karne na dawa za kila namna kutafuta oksijeni kidogo ya ziada ndani ya uvimbe kwa zile dakika chache za mionzi. Mzee anaweza kuiongeza mwenyewe. Kundi lilelile la Denmark limeonyesha kwamba wanaoendelea kuvuta wakati wa tiba matokeo yao ni mabaya zaidi.

Kama kuacha kabisa ni kugumu, mwombe daktari msaada wa kuacha, na aanze na hiyo ya asubuhi kabla ya mionzi. Usimlaumu, mweleze tu hili la foleni na ndoo.

Fizikia ya Tiba

Naunga mkono. Na mwambie aseme ukweli akiulizwa hospitali. Hatumgombezi mtu, tunataka kujua.

Binti Mkubwa

Asanteni sana kaka zangu. Kesho ana mionzi saa 3 asubuhi. Nimemsomea ile sehemu ya ndoo, amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza ndoo yake yeye imefika wapi. Nimemwambia sijui. Pakiti amenipa nimshikie mpaka tukirudi.